Sababu Zinabaki Nyumbani

Kile kipenga chenyewe kilikuwa kibovu. Cha plastiki, rangi ya chungwa, kimepasuka ubavuni na kufungwa uzi, na kikipulizwa kililia kama paka aliyekanyagwa mkia. Lakini wee, kikilia tu, wasichana walikuwa wameshasimama kwenye mstari wa chokaa, soksi juu, midomo kimya. Na yule ambaye kipenga kilimkuta bado yuko njiani, hata kama amebakiza hatua mbili kuufikia mstari, siku hiyo hachezi. Awe nani, awe mtoto wa nani, hachezi. Atakaa chini kando ya chupa za maji, auangalie uwanja, afunge mdomo mpaka mwisho.

Na asijieleze. Hilo ndilo lilikuwa kubwa kuliko yote. Mtoto akifungua mdomo kusema "Kocha, nilikuwa—", anakatwa hapo hapo.

"Sababu zinabaki nyumbani," Kocha alikuwa akisema. "Hapa tunaleta miguu tu."

Huyo Kocha alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mkavu, mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima. Wasichana walimwita Kocha, na mtaani walimwita Mama Kipenga ingawa hakuwa na mtoto. Asubuhi mpaka mchana alipiga pasi. Si pasi ya nyumbani, hapana: mashuka ya mahoteli na ya hospitali, katika chumba cha nyuma cha kiwanda cha kufulia, mbele ya mashine yenye midomo miwili mipana iliyofunguka na kufumba ikitema mvuke. Shuka linaingia limekunjamana, linatoka limenyooka. "Mngekuwa hivi nyinyi, dunia ingependeza," aliwaambia wenzake, nao wakacheka wakidhani anatania. Hakuwa anatania hata kidogo.

Usianze kumlaani mapema, lakini. Timu ilipoanza alikuwa akisikiliza kila mtu. Mmoja amechelewa kwa kuwa aliachiwa mdogo wake. Wa pili, kaka yake ametaka shati lifuliwe sasa hivi. Wa tatu ametumwa dukani, amerudi, ametumwa tena. Sababu zote zilikuwa za kweli, na hapo ndipo penye balaa. Uongo utaukemea uishe, ukweli utaufanya nini? Kocha alipousikiliza ukweli wa kila mmoja, alibaki uwanjani na mpira mmoja na watoto wanne. Kuna siku walikwenda kucheza ugenini wakiwa sita. Wakakataliwa hata kuugusa mpira, na wavulana wa kule wakawazomea mpaka barabara kuu. Watoto walilia njia nzima. Wiki iliyofuata Kocha akaja na kipenga na sheria yake.

Mama zao walipiga kelele, wakamwita kila jina. Kisha pole pole wakazoea. Ikikaribia saa tisa utasikia mama anasema, "Acha hivyo vyombo uende, yule mwanamke hana dogo." Vyombo vikasubiri, shati la kaka likasubiri. Katika mtaa ule hakukuwa kumewahi kuwa na jambo la msichana ambalo kazi za nyumbani zililisubiri. Sasa likawapo, na ni kile kipenga kibovu kilicholileta. Haki ya mtu mpe.

Katika wale wasichana wote, kulikuwa na mmoja aliyeitwa Gundi. Alikuwa kipa. Mpira ukifika mikononi mwake umefika, umeganda, ndio maana wakampa jina hilo. Alikuwa na miaka kumi na minne, mrefu kama mwiko wa harusi, mpole, na hajawahi kuchelewa. Kocha hakuwa mtu wa kupenda mtoto mmoja kuliko mwingine, au ndivyo alivyojidanganya. Glavu zake mwenyewe za zamani, alizozivaa enzi zake, alizitoa sandukuni akampa Gundi. Alimwona Gundi mbali sana. Aliona shule kubwa ya bweni inayochukua wasichana wa mpira, na jezi yenye jina mgongoni. Alikuwa hamwambii mtu, lakini alipokuwa akilisha mashine mashuka, hayo ndiyo aliyokuwa akiyaona kwenye ule mvuke.

Kikwazo kilikuwa baba mtu. Baba yake Gundi alikuwa fundi makochi, anashona na kujaza sponji viti vya watu pale pale uani kwake. Wasichana walifanya mzaha: "Gundi baba ana makochi, yeye ana Kocha." Mama yake Gundi alikuwa amefariki zamani. Sasa shangazi yake, dada wa baba, mwenye duka la vitambaa katika mji mwingine, alikuwa anamtaka aende kumsaidia dukani na kulea wajukuu. Shule? "Ataendelea huko huko nafasi ikipatikana," shangazi alisema, na sote tunajua hiyo nafasi huwa inapatikana lini. Baba alikuwa hajasema ndiyo, hajasema hapana. Ila mpira hakuuelewa. Aliuona ni michezo ya watoto wasiotumwa.

"Mlete," Kocha alimwambia Gundi. "Mwambie aje siku moja tu, akuone kwa macho yake. Akikuona amekwisha, hatakwenda mtu kwa shangazi wala kwa mjomba."

"Nitamwambia, Kocha."

Wiki ikapita, baba hakuja. Ikapita nyingine. Kocha akaanza kuumia, na akiumia ulimi wake huwa haukai ndani. Siku moja mbele ya timu nzima akasema, "Huyo baba yako vipi? Kutoka kwenu mpaka hapa ni mwendo wa kutafuna karanga za mfuko mmoja. Ana miguu au hana?"

Wasichana wakacheka. Gundi aliinama akakaza kamba za kiatu ambazo zilikuwa zimekazwa tayari. Alikuwa na la kusema, lakini alikuwa amefundishwa vizuri, na sababu zinabaki nyumbani.

Basi ikaja mechi ya nusu fainali, Jumamosi, uwanja wa nyumbani. Siku moja kabla, baada ya mazoezi, Gundi alimfuata Kocha akiwa na uso uliong'aa.

"Kocha, baba amesema kesho anakuja. Amemwambia shangazi asije kwanza, amemwambia asubiri yeye aone. Akiona ni kitu cha kweli, nabaki."

"Amesema hivyo?"

"Amesema, 'Nitaona mwenyewe, na nikishaona nimeona.'"

Kocha aliuma mdomo ili asicheke kwa furaha mbele ya mtoto. "Haya. Lala mapema. Na usichelewe."

"Mimi sichelewi, Kocha."

Jumamosi ile jua lilikuwa kali na uwanja umejaa. Wageni walikuja na lori, wanaimba. Kocha alipuliza kipenga, wasichana wakajipanga kwenye mstari, akapita akihesabu vichwa kwa kidole. Akafika mwisho wa mstari, akarudi. Gundi hakuwapo.

Kocha aliangalia barabara ya upande wa maduka, akaangalia njia ya kichochoroni. Wasichana wote walikuwa wanaangalia huko huko. Kisha akatokea, anakimbia mbio zote, glavu mkononi, vumbi mpaka magotini. Alipita chini ya kamba, akasimama kwenye mstari akihema, na kipenga kilikuwa kimeshalia na mwangwi wake umeshapoa.

Wasichana wakaacha kumwangalia Gundi, wakamwangalia Kocha. Hapo ndipo ningependa ujiulize wewe ungefanya nini. Kuna watoto walikuwa wamekosa mechi zao kwa ajili ya mdogo anayeumwa, kwa ajili ya bomba lisilotoka maji. Mmoja, beki wa kulia, yule mwenye maneno mengi waliyemwita Redio, alikuwa amekosa mechi iliyopita kwa kuchelewa kidogo kuliko hivi. Leo amechelewa kipenzi. Wote wanataka kujua kama sheria ina macho.

"Kocha," alianza Gundi, "ni kwamba ba—"

"Unaleta sababu?"

Mtoto alifunga mdomo. Akageuka kidogo kuangalia alikotoka, kule barabarani, kisha akamgeukia tena Kocha.

"Hapana, Kocha."

"Basi unajua pa kukaa."

Gundi akaenda akakaa chini kando ya chupa za maji, glavu mapajani. Kocha alimwita kipa wa akiba, kasichana kadogo walikokaita Kijiko, akamvalisha jezi ya kipa iliyomfika magotini. Kijiko alikuwa anatetemeka kama kifaranga aliyenyeshewa. Ndani ya kifua Kocha alikuwa anawaka moto. Siku gani ya kuchelewa, siku gani! Na huyo baba naye, akija, atamkuta nani golini? Akaangalia watu waliozunguka uwanja, akitafuta mwanamume mwenye sura ya kiburi, aliyekunja mikono. Hakumwona. Akasema moyoni, afadhali, hata hakuja, kama kawaida yake.

Mpira ukaanza. Ulikuwa umeshachezwa kitambo ndipo mzee mmoja alipofika upande wao wa uwanja, anatembea pole pole sana, fimbo mkono wa kulia, mguu wa kushoto haukunjiki, anauburuta umenyooka kama ubao. Alikuwa amelowa jasho. Alivaa shati jeupe lililofungwa vifungo mpaka shingoni, na kwa kuwa Kocha alikuwa mtu wa pasi, jicho lake likaenda kwenye kola kabla ya kwenda usoni. Kola ilikuwa imepigwa pasi na mtu asiyejua, mikunjo miwili imekaa kando kama ndevu za kambale. Mtu aliyejitahidi lakini hajui, Kocha aliwaza, akamwonea huruma.

"Shikamoo, baba. Usisimame na jua hili," akamwambia, akamsogezea kreti la soda. "Keti hapa."

"Marahaba, mwalimu. Ahsante sana."

Akaketi, mguu mbele. Akautazama uwanja muda mrefu. Kijiko, Mungu ni mkubwa, alikuwa ameupangua mpira mmoja kwa ncha za vidole na watu wakashangilia.

"Huyu wa golini," yule mzee akauliza, "ndiye mnayemtegemea?"

Kocha macho yalikuwa kwenye mpira. "Huyo huyo, baba. Mdogo lakini ana moyo."

"Na kipa mwingine?"

"Hapa kuna aliyewahi na asiyewahi. Asiyewahi hayupo."

Mzee akatikisa kichwa pole pole. Wageni walipata kona. Kocha alikuwa ameshainua mikono kupanga mabeki. Mzee akanyoosha kidevu upande wa chupa za maji, alikokaa Gundi, mgongo wima, uso mbele.

"Na yule binti aliyekaa pale? Kazi yake ni nini?"

Ah, ulimi. Wahenga hawakusema bure kwamba heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole kitavimba kipone. Kocha alikuwa na hasira na Gundi, hasira ya mtu anayependa, na mzaha ukamtoka kabla hajaupima.

"Yule? Yule analinda chupa za maji," akasema, akacheka.

Mzee hakucheka. "Siku zote?" akauliza.

Lakini kona ilikuwa imeshapigwa, na Kocha alikuwa anakimbia kando ya mstari akipiga kelele, "Shika mtu wako! Shika mtu wako!" Lile swali lilibaki pale kwenye kreti. Hakulisikia, au alilisikia akaliacha lipite, hata yeye mwenyewe baadaye hakuweza kukumbuka.

Walishinda. Ndiyo, walishinda, na hiyo nayo ni sehemu ya msiba. Dakika za mwisho winga wao alipita katikati ya mabeki wawili akafunga bao moja, na refa alipomaliza mpira watoto walimwangukia Kocha mpaka wakamwangusha. Kijiko akabebwa juu. Kocha aliwakusanya kwenye duara, vumbi mgongoni, sauti imemkauka, akawahutubia.

"Mmeona? Nani alisema bila fulani hatuwezi? Sheria haina mwenyewe. Leo tumefika fainali kwa sababu ya sheria."

"Ndiyo, Kocha!"

Alisema hivyo makusudi Gundi asikie, ili imuume, ili iishie hapo, kisha amwite amsamehe, amwambie fainali ni yako. Tayari alikuwa na maneno mazuri mdomoni. Akageuka kumtafuta. Chupa za maji zilikuwa zimepangwa mstari mmoja, vifuniko vimekazwa. Gundi hakuwapo. Kreti la soda nalo lilikuwa tupu.

"Ameondoka na baba yake," Redio akasema.

"Baba yake nani?"

"Baba yake Gundi. Si yule uliyempa kiti, Kocha? Tulikuona mnaongea, tukasema leo mambo yameiva." Redio alikuwa bado anatabasamu. "Amejitahidi kweli kufika hapa. Ule mguu tangu aangukiwe na kochi hatoki hata nje ya mtaa. Mimi nimewapita njiani wakati nakuja, Gundi amemshika mkono, wanapumzika kila nguzo ya taa. Nikamwambia Gundi, 'Kimbia, utachelewa!' Akasema, 'Siwezi kumwacha, akibaki peke yake atarudi.' Mpaka walipouona uwanja ndipo nafikiri baba akamwambia akimbie."

Kocha alikaa pale pale juu ya kreti. Ana miguu au hana: maneno yake mwenyewe yalimrudia, na kicheko cha watoto, na Gundi akikaza kamba zilizokazwa.

"Nipeleke kwao," akamwambia Redio.

Jua lilikuwa bado halijazama walipofika. Ua ulikuwa umejaa mifupa ya makochi, mbao zimesimama uchi, sponji za njano zimeegemea ukuta. Baba yake Gundi alikuwa ameketi kwenye kochi lisilo na nguo, mguu umenyooshwa juu ya kigoda. Lile shati jeupe lilikuwa limetundikwa kwenye msumari mlangoni, na sasa Kocha alijua kwamba ile kola mzee aliipiga pasi mwenyewe.

"Karibu, mwalimu," mzee akasema, kwa adabu kabisa. "Hongereni kwa ushindi. Samahani sikusubiri mwisho, mguu ukipoa unagoma."

"Baba, nimekuja kukuomba radhi. Sikukujua."

"Hukunijua, kweli. Na mimi sikutaka kujulikana. Nilitaka kuona kitu kama kilivyo, si kama ninavyoonyeshwa."

"Binti yako ndiye kipa wangu. Hakuna kipa kama yeye katika timu zote hizi, nakuapia. Leo alichelewa, ndiyo maana nilimkalisha. Ni sheria. Kuna sababu—"

"Mwanangu ananiambia kwenu sababu hazisemwi."

Ndani ya nyumba kulisikika kabati likifunguliwa na kufungwa.

"Nilikuuliza kazi yake nini," mzee akaendelea, bila kupandisha sauti. "Ukaniambia analinda chupa. Nikakuuliza, siku zote? Hukunijibu. Njiani nikamwuliza yeye, mbona umenidanganya miezi yote hii? Akalia tu, hakujitetea. Nikasema basi, aliyekubali kosa hana neno. Nikampigia dada yangu simu. Anakuja kesho asubuhi."

"Baba, hakukudanganya! Ulikuwa mzaha. Ulimi wangu ndio mbaya, nitukane mimi. Muulize mtoto yeyote pale uwanjani, muulize huyu!"

"Ni kweli, mzee," Redio alidakia kwa sauti ndogo. "Gundi ndiye kipa."

Mzee aliwaangalia wote wawili. Uso wake ulibadilika kidogo, kama mtu aliyeona mshono umekwenda kombo na nguo imeshakatwa.

"Kwa hiyo alichelewa kwa ajili yangu," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Na hukumwuliza."

Kocha alikishika kipenga mfukoni.

"Mtoto ambaye hajawahi kuchelewa amechelewa siku moja, na wewe hukumwuliza kulikoni. Watu husema kuuliza si ujinga. Dada yangu mimi ni mkali, mwalimu, kinywa chake ni pilipili, nawajua wote waliomkimbia. Lakini anauliza. Atagomba saa nzima, lakini ataanza kwa kuuliza." Alishusha mguu kutoka kwenye kigoda kwa mikono miwili. "Nimeshampa neno. Siwezi kumwambia usije, kisha njoo, kisha usije. Mimi si mtoto."

Kocha alipiga magoti. Ndiyo, Mama Kipenga, aliyewatisha mama wa mtaa mzima, alipiga magoti kwenye vumbi la mbao. Mzee aliona aibu kwa niaba yake, akageuza uso ukutani.

"Inuka, mama. Inuka. Maji yakimwagika hayazoleki."

Gundi alitoka ndani. Alikuwa ameosha uso. Mkononi alikuwa na zile glavu, amezifuta vumbi, amezikunja moja ndani ya nyingine, na akamkabidhi Kocha kwa mikono miwili.

"Hizi ni za timu, Kocha."

"Mwanangu, kwa nini hukuniambia? Ungesema neno moja tu. Baba. Neno moja."

Gundi alimwangalia kwa mshangao wa kweli, bila kinyongo. Ingekuwa ni kinyongo, Kocha angepumua.

"Ulisema tusiseme," akajibu.

Shangazi alikuja asubuhi, kama alivyosema. Kocha hakumwona Gundi akiondoka, maana alikuwa mbele ya mashine yake. Shuka liliingia, midomo ikafumba, mvuke ukapanda, na ndani ya mvuke hakukuwa na kitu. Wenzake walimwambia, "Mbona leo umechoma mashuka mawili? Unaumwa?" Akasema haumwi. Fainali walifungwa, mabao mengi, na Kijiko alilia mpaka akatapika. Kocha hakumgombeza. Alikuwa amekaa kwenye kreti na glavu mapajani, na ungemwona ungedhani ni mtu anayesubiri gari lililokwisha kupita.

Baada ya fainali alikusanya watoto akawaambia mambo yamebadilika. Atakayechelewa aje aseme kilichomchelewesha, watasikilizana. "Kuanzia leo mnaweza kuniambia," akasema. "Chochote." Wakaitikia, "Ndiyo, Kocha," wote kwa pamoja, kama walivyoitikia kila kitu.

Jumanne yake alipuliza kipenga, na aliyekosekana kwenye mstari alikuwa Redio. Kocha alisubiri. Redio akaja anakimbia, mkono wa kushoto umefungwa kitambaa cha jikoni, kitambaa kimelowa, na kwenye shavu kuna alama ya machozi yaliyofutwa haraka. Alifika mbele ya Kocha, akasimama.

"Umechelewa, mwanangu," Kocha akasema, taratibu kabisa. "Kumetokea nini?"

Yule Redio, mtoto ambaye hata usingizini alikuwa anaongea, alifungua mdomo akaufunga.

"Sina sababu, Kocha."

"Mkono umefanya nini?"

"Hamna kitu, Kocha."

Akampita. Hakuambiwa aende wapi. Alikwenda mwenyewe, akakaa chini kando ya chupa za maji, akaficha mkono chini ya jezi. Kocha alimfuata akachuchumaa mbele yake. Akamwambia, niambie tu, sikukatazi, nimewaambia mseme. Akamwuliza tena, akambembeleza. Kwenye mstari wa chokaa wengine wote walikuwa wamesimama, soksi juu, midomo kimya. Redio alichungulia juu ya bega la Kocha na kuuangalia uwanja, kama alivyofundishwa.